Cherehani cha Mkono na Kihamba: Uhakiki wa Hadithi Moja ya Urithi

Kila jamii ina hadithi zake za mali, na kila hadithi ya mali ina lake la kusema na lake la kuficha. Katika vijiji vya miteremko ya Kilimanjaro, tangu Machame na Kibosho upande wa magharibi hata Marangu, Mwika na Rombo upande wa mashariki, iko hadithi isimuliwayo kwa sura nyingi lakini kwa mwendo ule ule. Ni hadithi ya cherehani cha mkono kilichorithiwa. Husimuliwa sebuleni mwezi wa Desemba, watoto wa ukoo warejeapo kutoka Dar es Salaam, Arusha na Nairobi kula Krismasi nyumbani. Husimuliwa katika karamu za arusi. Na zaidi ya yote husikika katika wasifu wa marehemu, usomwapo mbele ya jeneza la bibi mzee.

Hadithi za namna hii aghalabu husikilizwa kwa heshima, wala hazihojiwi. Wahakiki huzipita, kwa kuwa hazikuchapishwa. Wanahistoria nao huzipita, kwa kuwa hazina tarehe. Walakini ni fasihi, maana zina muundo, zina msamiati wake, na zina jambo zinalotaka msikilizaji aliamini. Kwa sababu hiyo zastahili kupimwa kama ipimwavyo kazi nyingine yoyote ya fasihi. Kuihoji hadithi ya bibi si kumvunjia bibi heshima. Huenda ikadhihirika kwamba heshima aliyonyimwa ni ile ile ambayo hadithi yenyewe hudai kumpa.

Yafaa kuanza na chombo chenyewe. Jina lake ni la zamani kuliko mashine. Neno cherehani lina nasaba na neno la Kiajemi charkh, maana yake gurudumu. Na Waajemi hata leo huita mashine ya kushonea charkh-e khayyati, yaani gurudumu la ushonaji. Chombo, kwa upande wake, ni mtoto wa karne ya 19. Elias Howe alipata hataza yake huko Marekani mwaka 1846, na Isaac Merritt Singer alipata yake mwaka 1851. Mwaka 1885 kampuni ya Singer ilifungua kiwanda kikubwa mahali paitwapo Kilbowie, katika mji wa Clydebank, Uskoti. Kiwanda hicho kilifanya kazi hata kilipofungwa mwaka 1980. Singer pia ilikuwa miongoni mwa kampuni za kwanza kuuza bidhaa kwa malipo ya awamu, mnunuzi akitanguliza kiasi kidogo na kulipa kilichobaki pole pole. Njia hiyo ndiyo iliyokiingiza cherehani katika nyumba za watu wa kipato kidogo katika mabara mengi.

Umbo lake lajulikana na kila aliyelelewa karibu nacho. Ni chuma cheusi chenye kung'aa, kimepambwa kwa nakshi za rangi ya dhahabu. Baadhi yake zina picha ya Sphinx wa Misri. Kimekaa juu ya kitako cha mbao, na mfuniko wake ni wa mbao uliopindwa kama mgongo wa kobe. Upande wa kulia pana gurudumu lenye kipini. Mkono wa kulia huzungusha, na mkono wa kushoto huongoza kitambaa. Kwa hiyo mshonaji hana mkono wa tatu wa kushika pindo refu, na mara nyingi mtoto huitwa kuja kuzungusha. Ndani yake hukutana nyuzi mbili. Uzi wa juu hushuka na sindano. Uzi wa chini hutoka katika bobini, ambayo katika vyerehani vya kale imo ndani ya kichuma chenye umbo la mtumbwi. Nyuzi hizo hufungana katikati ya kitambaa, na mshono ukiwa mzuri fundo halionekani upande wowote. Chombo hiki hakihitaji umeme wala meza yake maalumu. Mtu aweza kukibeba kutoka nyumba hata nyumba. Sifa hiyo ya mwisho ikumbukwe, kwa kuwa hoja ya makala haya yaitegemea.

Hadithi ya cherehani ina sehemu tatu, nazo hazibadiliki sana. Ya kwanza ni ujio. Msimulizi hueleza jinsi babu alivyoteremka Moshi mjini baada ya kuuza kahawa, akarudi jioni na sanduku. Au jinsi bibi alivyoweka senti za ndizi na maziwa, kidogo kidogo, mpaka zikatosha. Ya pili ni kazi. Hapo hutajwa usiku na taa ya kibatari, sare za shule, magauni ya Kipaimara, nguo za Krismasi za kijiji kizima, na karo zilizolipwa. Ya tatu ni mapumziko. Bibi amefariki, au macho yake yamepungua nguvu, na cherehani kimewekwa juu ya kabati sebuleni, kimefunikwa kitambaa cha kufuma, karibu na picha za mahafali ya wajukuu. Msimulizi hufunga kwa maneno yanayojulikana na wote: mama alitusomesha kwa cherehani.

Yapo mazuri mengi katika hadithi hii, na mhakiki asiyeyaona hana haki ya kuyasema mabaya yake. Kwanza, ni hadithi inayojua kuhesabu. Hutaja mapindo, vifungo, bei na madeni, ilhali hadithi nyingi za ukoo hupenda kutaja vita na vyeo tu. Pili, imehifadhi historia ambayo haikuandikwa na wengi. Atakaye kujua uhaba wa nguo wa mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980 ulikuwaje nyumbani, na asikilize wazee wanavyoeleza jinsi kola ya shati ilivyofumuliwa na kugeuzwa ili upande usiochakaa uwe juu. Atakaye kujua mitumba ilileta nini ilipoenea baada ya biashara kulegezwa, na asikilize jinsi kazi ilivyogeuka: badala ya kushona nguo mpya, cherehani kikawa cha kubana na kupunguza nguo zilizonunuliwa Kiboriloni, na baadaye katika soko la Memorial. Tatu, ni hadithi yenye sauti. Karibu kila msimulizi huiga kwa mdomo mlio wa gurudumu, na msikilizaji hulala tena kitandani pake pa utotoni akiusikia kutoka chumba cha pili. Sanaa ya namna hiyo si ya kubezwa.

Kasoro yake imo katika maneno yake ya kufunga. Mama alitusomesha kwa cherehani: sentensi hiyo yamfanya mama kuwa mtenda, lakini matunda yote yaangukia kwa wengine. Cherehani chaonekana kuwa chombo cha huruma tu, mfano wa titi la mama, wala si mali iliyokuwa na mwenyewe. Hakuna aulizaye kilikuwa cha nani. Hakuna aulizaye mwenye kukitumia miaka 40 alipewa nini ukoo ulipogawana. Hadithi humlipa machozi, kisha hufunga hesabu. Na jambo la kuangaliwa zaidi ni hili, kwamba aghalabu msimulizi wake barazani ni mwana wa kiume, naye husimulia akiwa amesimama juu ya kihamba alichokirithi yeye.

Kihamba ndicho upande wa pili wa shauri hili, na bila kukitaja cherehani hakieleweki. Kihamba ni shamba la nyumbani la Mchagga, lenye migomba, kahawa, mifereji ya maji, nyumba ya wenyeji na makaburi ya wazee, na mara nyingi mpaka wake ni masale. Kwa desturi zilizoelezwa na wengi walioandika juu ya Wachagga, tangu mchungaji Bruno Gutmann katika kitabu chake cha sheria za Wachagga cha mwaka 1926 hata mwanaanthropolojia Sally Falk Moore mwaka 1986, ardhi hiyo hupita kwa wanaume. Mwana wa kwanza ana haki yake, na mwana wa mwisho hubaki katika nyumba ya wazazi. Wana wa katikati zamani walikwenda kutafuta ardhi mpya. Binti huolewa, naye huishi katika kihamba cha wengine. Mjane hukaa, lakini hukaa kwa mgongo wa mwanawe. Moore ameonyesha pia kwamba mambo yaitwayo mila hayakusimama pale pale. Kahawa na ongezeko la watu viliibadili thamani ya ardhi, na watu wakayatumia maneno ya zamani kwa mashauri mapya.

Kahawa yenyewe ilikuwa na jinsia. Chama cha wakulima wenyeji wa kahawa Kilimanjaro kiliundwa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatiwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, ambacho jengo lake mjini Moshi lajulikana na kila mpita njia. Wanawake walipalilia na kuchuma kahawa. Lakini mti ulikuwa wa mwenye kihamba, na fedha zake zilipokelewa na yeye. Za mwanamke zilikuwa fedha za sokoni, za ndizi na maziwa. Katika mpango huo cherehani kiliingia kama mgeni asiye na kabila. Hakikuota katika ardhi, kwa hiyo hakikuwa cha ukoo. Hakikuwa mfugo, kwa hiyo hakikudaiwa katika mahari. Kiliweza kuchukuliwa na binti siku ya kuolewa, au kupewa mke wa mwana, au kuhamishwa usiku mmoja kutoka kwa mama kwenda kwa mwanawe wa kike, bila mkutano wa wazee na bila pombe ya mbege kunywewa juu ya shauri hilo. Huo ndio umuhimu wa kubebeka kwake. Mahali ambapo urithi mkubwa ulikuwa wa kitu kisichosogezwa, mwanamke alipata kitu kinachosogea.

Zaidi ya hayo, yamkini cherehani kiliutatua mgogoro wa ukoo ambao mwenye cherehani hakuusababisha. Katika karne ya 20 vihamba vilijaa, na ardhi mpya ya kuwapa wana wa katikati ikawa haba. Shule ikawa kihamba cha wasio na kihamba. Mtoto aliyesomeshwa alikwenda kuwa karani, mwalimu au daktari, wala hakudai mgomba kwa ndugu zake. Naye binti, ambaye hakuwa na la kudai kamwe, alipata katika cheti kitu ambacho mila haikumpa. Karo za watoto hao zilitoka katika kahawa, naam, lakini hadithi zenyewe zashuhudia kwamba zilitoka pia katika mapindo. Basi mwanamke aliyenyimwa ardhi ndiye aliyesaidia kuiepusha ardhi hiyo isikatwe vipande na kuleta ugomvi kati ya wanawe. Hadithi ya cherehani ina habari hii yote ndani yake. Ila haiisemi, kwa kuwa imeharakia kulia.

Si hadithi za mdomo tu zenye kasoro hiyo. Fasihi ya Kiswahili iliyoandikwa imeshughulika na urithi mara nyingi, na aghalabu imeutazama kwa jicho la ardhi. Katika Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1976, shamba ndilo linaloinua tamaa na kuleta maafa, na haki ya binti hupimwa kwa shamba hilo. Penina Muhando, katika tamthilia yake Nguzo Mama ya mwaka 1982, aliwaleta jukwaani wanawake na mashaka yao, na miongoni mwa mashaka hayo alimweka mjane na mali anayonyang'anywa. Kazi hizi ni za ujasiri, na Kiswahili kimetajirika kwazo. Hata hivyo zaonyesha jinsi ilivyo rahisi kumwandika mwanamke kama mtu aliyenyimwa, na jinsi ilivyo vigumu kumwandika kama mtu aliyekuwa nacho. Vitabu vya mila navyo, mathalan Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera cha Mangi Petro Itosi Marealle, kilichochapwa mwaka 1947, vina thamani kubwa kwa kuhifadhi kanuni za wazee. Lakini kanuni ni jambo moja, na kitu kidogo kilichopita kando ya kanuni ni jambo jingine.

Mwelekeo wa kuigeuza kazi kuwa mapenzi haukuanzia Kilimanjaro. Mfano wake mashuhuri ni Mahatma Gandhi. Mwaka 1924, alipoulizwa kama anazipinga mashine zote, alijibu kwamba cherehani cha Singer hakimo, kwa kuwa kiligunduliwa kwa ajili ya mapenzi: Singer alimwona mkewe akitaabika kwa kushona kwa mkono, akataka kumpunguzia taabu. Jibu hilo ni zuri kwa wema wake, lakini Singer wa historia alikuwa mtu mwingine. Alikuwa mwigizaji wa michezo na mtafuta mali, aliyeifanyia marekebisho mashine ya wengine katika karakana moja ya Boston mwaka 1850 akitumaini faida. Tena ni mtu aliyezaa na wanawake kadhaa, wala hakujulikana kwa uaminifu wa ndoa. Hoja hapa si kumkosoa Gandhi juu ya maisha ya Singer. Hoja ni kwamba hata mtu aliyeufikiria uchumi kwa uzito namna ile, alipofika kwenye cherehani alikitazama kwa macho ya mume mwenye huruma. Mwanamke wa mfano wake hana mashine, amepewa nafuu.

Kosa la kinyume chake lilionekana mwaka 2009 huko Saudia. Ulienea uvumi kwamba vyerehani vya zamani vya Singer vina zebaki nyekundu, kitu ambacho sayansi haikukithibitisha, na watu wakakimbilia kuvinunua kwa makumi ya maelfu ya riyali, wakizijaribu sindano kwa simu za mkononi. Serikali ililazimika kuwaonya kwamba ni ulaghai. Waliouziwa walikuwa wakitafuta thamani ndani ya chuma, kana kwamba thamani ya chombo cha kazi yaweza kuwa mahali pengine zaidi ya kazi yenyewe. Anayekiweka cherehani cha bibi kabatini na kukiita kitu cha kale yuko mbali na walaghai wale. Lakini naye ameitoa thamani mkononi na kuiweka katika chuma.

Inapofika hapa, msomaji makini aweza kupinga. Atasema kwamba makala haya nayo yanakipamba cherehani, ila kwa ua jingine. Kwamba badala ya chombo cha huruma yanakifanya chombo cha ukombozi. Pingamizi hilo lina haki ya kusikilizwa, kwa sababu tatu.

Kwanza, si kila cherehani kilikuwa cha aliyekitumia. Pale ambapo babu alikinunua kwa fedha za kahawa, ndugu zake waliweza kusema, siku ya tanga, kwamba ni mali ya marehemu. Sehemu ya kwanza ya hadithi, ile ya ujio, si pambo basi. Ni ushahidi, na tofauti kati ya senti za ndizi na fedha za kahawa yaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya mwenye mali na mtunza mali. Pili, kushona kulifundishwa wasichana katika shule za misheni pamoja na mafundisho mengine juu ya mke mwema na nyumba safi. Kipini kile kile kilichompa mwanamke senti zake kilimweka pia kitini usiku, baada ya kukata majani ya ng'ombe, kuchota maji na kupika. Tatu, chombo kimoja kilipata majina mawili ya kazi. Barazani mbele ya maduka ya Moshi mjini, mwanamume aliyekaa nyuma ya cherehani aliitwa fundi, alikuwa na bei, alikuwa na wanafunzi. Nyumbani Uru au Kilema, mwanamke aliyeshona nguo zile zile aliitwa Mama Fulani, kwa jina la mwanawe, na kazi yake ikaitwa kusaidia. Lugha ilimpa mmoja cheo na ikampa mwingine sifa. Cheo huweza kudaiwa mshahara, lakini sifa haidaiwi kitu.

Pingamizi hizi haziibomoi hoja, zainyoosha. Hazisemi kwamba cherehani hakikuwa mali ya mwanamke. Zasema kwamba umiliki wake ulikuwa jambo la kugombewa, na jambo linalogombewa lahitaji ushahidi kuliko machozi. Na hapa ndipo uhakiki wa hadithi unapokutana na baraza la sheria. Tamko la sheria za mila la mwaka 1963, lililokusanya desturi za makabila yafuatayo upande wa baba, liliwaweka mabinti katika daraja la mwisho la warithi, na mjane likamwachia kutunzwa na watoto wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilifungua mlango mwingine, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zikampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi. Lakini kanuni za mwaka 1963 hazikufutwa kwa hayo. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga walidhulumiwa kwa kanuni za namna hiyo, ikaitaka Tanzania izirekebishe.

Neno lililotumiwa na Mahakama ya Rufani, mchango, lastahili kutazamwa na mwanafunzi wa fasihi. Ni neno kavu, neno la daftari. Halina kibatari wala usiku. Lakini limefanya jambo ambalo hadithi ya cherehani, pamoja na uzuri wake wote, haikulifanya: limemtoa mwanamke katika nafsi ya kushukuriwa na kumweka katika nafsi ya kudai. Aliyependa aweza kushukuriwa, na mambo yakaisha. Aliyechangia ana sehemu yake.

Haimaanishi kwamba wasifu wa marehemu ugeuke hati ya mashtaka. Msiba una adabu zake, na jeneza si mahali pa kugombea migomba. Linalotakiwa ni dogo zaidi, nalo ni la kifasihi kabla ya kuwa la kisheria. Msimulizi aongeze maswali machache katika hadithi yake. Cherehani kilinunuliwa kwa fedha za nani? Mama alijiwekea nini katika alichopata, kabla ya kutoa karo? Alifundisha nani kushona, naye huyo alilipwa? Alipozeeka alimpa nani, na kwa maneno gani? Na kama alikuwa na binti, binti huyo yuko wapi leo, na ana ardhi gani? Hadithi itakayojibu maswali hayo haitapungua utamu. Itapata wahusika ambao sasa hawamo: binti aliyezungusha kipini utotoni na kukijua chombo kuliko kaka zake, mke wa mwana aliyekabidhiwa mbele ya wakwe akaona haya kukikataa, mjane aliyekificha uvunguni wiki ya matanga. Mambo ya namna hiyo ndiyo riwaya huumbwa nayo, nayo yamekaa vijijini yakingoja kalamu.

Itapata pia mwisho ulio wa kweli zaidi. Hadithi kama ilivyo hukilaza cherehani kabatini, kana kwamba kazi imekwisha. Lakini teremka Moshi mjini siku yoyote, barazani bado pana safu ya vyerehani, vingi vya miguu, kadhaa vyenye jina la Butterfly kutoka China, na wengi wanaoviendesha sasa ni wanawake wanaoitwa mafundi. Charles Mwijage alipokuwa Waziri wa Viwanda alisema kwamba hata vyerehani vichache vyaweza kuhesabiwa kuwa kiwanda kidogo, na watu wengi walicheka. Pengine walikuwa na sababu ya kucheka, maana nchi haijengwi kwa majina. Lakini wacheko wengi walikuwa wamesoma kwa ada iliyotoka katika chombo hicho hicho, nao walipaswa kujua kwamba waziri, alipokiita kiwanda, alikuwa amekipa jina la mali. Nyumbani kwao kiliitwa msaada.

Kiko kitu kimoja zaidi katika cherehani cha zamani ambacho hadithi hukipita. Ubavuni mwa kitako chake, upande wa kulia, imechongwa namba. Kiwandani Kilbowie namba hizo ziliandikwa katika orodha, na orodha zilizohifadhiwa zamwezesha mtu yeyote leo kujua cherehani chake kilipangiwa namba mwaka gani. Chombo kilichosafiri kutoka Clydebank hata Marangu hakikupotea tarehe yake ya kuzaliwa. Kilichopotea ni orodha ya upande wa huku: nani alikilipia, nani alikitumia, nani alipewa. Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari. Ukoo wenye cherehani kabatini, na wazee ambao bado wako hai, ungali na nafasi ya kukiinamisha chombo, kuisoma namba yake, na kuandika chini yake jina la mwanamke. Si jina la mwanawe, bali lake mwenyewe.